Paa Nililolipima Likiwa Limelala

Kwa aliyekosa gazeti la wiki jana, habari yangu ni fupi kama mbao zenyewe. Mwaka wa hamsini na saba nilipewa kazi ya kuezeka kanisa letu jipya, upande wa Elburgon. Mimi Hezekiah Kipkemboi, fundi wa kujisifu, nikakosea vipimo. Nikaona haya kusema. Nikamsingizia mtu mwingine, na mtu huyo akaitwa mwizi.

Mtu huyo ni Naftaly Thuo, mkata mbao wa mashine iliyokuwa ukingoni mwa msitu.

Kosa lenyewe nitalirudia, maana kuna msomaji wa Gilgil aliyeniandikia kwamba hakulielewa. Nami namwambia asijilaumu, hata mimi sikulielewa mpaka mbao ziliposhushwa.

Kanisa lilikuwa na upana wa futi ishirini na urefu wa futi arobaini. Paa lilikuwa la pande mbili, na mgongo wake ulitakiwa kuinuka futi saba juu ya kuta, kwa sababu kwetu karibu na Mau mvua ya mawe si mgeni. Nikachukua kamba ya katani, nikailaza chini kutoka nje ya ukuta hadi katikati ya sakafu. Futi kumi. Nikaongeza mbili za upenu. Nikafunga fundo, nikampelekea Thuo, nikamwambia anikatie mbao za paa arobaini na mbili, zote sawa na kamba ile.

Umeona? Mbao inayopanda futi saba haiwezi kulingana na kamba iliyolala chini. Zilitakiwa futi kumi na nne, mimi nikaagiza kumi na mbili. Nilipima paa likiwa limelala.

Marehemu baba alipima hivyo maisha yake yote na hakukosea hata siku moja. Lakini baba alijenga nyumba za msonge, kwa miti ya msituni. Mti wa msituni unaletwa na urefu wake wote, ukizidi unakata. Mbao ya mashine inaishia pale ulipoagiza iishie.

Basi Mzee Kimaiyo, mzee wa kanisa, alipoziona fupi akaniuliza, "Fundi, uliagiza futi ngapi?"

Nikajibu, "Kumi na nne, mzee."

Mzee Kimaiyo ndiye aliyekwenda kumwomba mzungu mwenye mashine magogo ya bure ya kupasua mbao zile, na alipewa mara moja tu. Alipiga hesabu papo hapo, kwa vidole. Futi mbili kila mbao, mara arobaini na mbili. Akasema Thuo amekula futi themanini na nne za mbao za Mungu.

Thuo akafukuzwa kazi. Na mwaka ule Mkikuyu hakukaa upande wetu kwa kupenda. Alikaa kwa pasibuku, kile kitabu cha ruhusa, na pasibuku ilisimama juu ya kazi. Bila kazi ilikuwa lori la kurudi rezavu, ardhi waliyotengewa Wakikuyu. Kurudi ni neno tu. Thuo alizaliwa Elburgon, huko rezavu hakujua hata mlango wa kubisha. Lori lilikuwa la Jumatatu asubuhi, yeye na mkewe Rahab na mtoto wao Wanjugu.

Hapo ndipo niliponyamaza wiki jana. Leo ni namna nilivyolipandisha lile paa.

*

Nilikaa juu ya ukuta siku nzima ya Jumanne nikizitazama mbao. Mbao haziongezeki kwa kutazamwa. Jioni nikapata akili ya mwizi. Kama mbao haziufikii mgongo, basi mgongo uzifuate mbao.

Futi saba nikazifanya tatu.

Zikatosha, msomaji. Zilitosha sawasawa, pamoja na upenu. Hata mabati yalikaa kama yamechorwa. Kufikia Alhamisi nilikuwa napiga misumari na kuimba, na kila nilipokumbuka lori la Jumatatu niliimba kwa sauti zaidi.

Mke wangu Jepkosgei akaniletea chai. Akasimama chini, sufuria mkononi, akatazama juu mpaka chai ikaanza kupoa.

"Baba Chelangat, mbona hii paa imelala?"

"Ni mtindo wa Nairobi."

"Nairobi umefika lini?"

"Nimesikia."

"Umesikia paa?" Akaiweka sufuria juu ya rundo la matofali. "Kwetu walikuwa wanasema paa ni kichwa ya nyumba. Hii imeinamisha kichwa. Imefanya nini?"

Nikamwambia aniachie kazi yangu. Jepkosgei hajawahi kushika nyundo, lakini macho yake ni rula. Akaondoka bila kusema neno, na mimi namjua. Akinyamaza ujue ameona.

Ijumaa akaja Mzee Kimaiyo na fimbo yake. Goti lake la kushoto lilikuwa bovu tangu zamani, hivyo alilizunguka jengo polepole, na mimi nikasubiri hukumu juu ya ngazi. Alipomaliza mzunguko alivua kofia.

"Fundi," akasema, "mtu mwingine angekata tamaa. Mwizi alitaka kanisa likose paa. Wewe umetumia akili, kanisa limepata paa."

"Ni Mungu, mzee," nikasema. Ndiyo, nilimtaja na Mungu.

"Jumapili tunafungua. Na siku hiyo hiyo wazee wanataka wakuombee uwe shemasi."

Jioni akaniletea kondoo dume. Nilitaka kumkataa. Niliyapanga maneno kabisa, nikayaweka ulimini, halafu nikanusa moshi wa jikoni. Nilimla yule kondoo. Sitaki kukuficha hata mafuta yake.

Nililala vibaya. Jepkosgei aliniuliza kama ni nyama. Nikasema ndiyo, ni nyama.

*

Jumamosi mchana nilikuwa kanisani peke yangu, nasafisha mabaki ya mbao, nikasikia mtu anakohoa mlangoni. Nilipogeuka nikamwona Thuo.

Nilitazama mikono yake kwanza. Nilitafuta panga. Mtu mwenye hatia huona panga kila mahali. Thuo alikuwa na mfuko wa gunia tu, na alikuwa amevua kofia.

"Fundi, ni mzima?"

"Mzima. Wewe?"

"Niko tu." Hakuingia. Alisimama pale kizingitini mtu aliyeikata kila mbao iliyokuwa juu yangu. "Nimekuja unisamehe."

Nikadhani ananidhihaki. Nikamtazama usoni, nikaona hadhihaki.

"Ile maneno ya wizi si kweli," akasema. "Mungu anajua. Lakini mbao ni mimi nilikata. Kama wewe uliagiza kumi na nne, na mimi nikakata kumi na mbili, basi kuna mahali nilikosea. Pale mashine kuna kamba nyingi. Labda nilishika kamba ya mtu mwingine. Miaka kumi na tano sijawahi kukosea, na siku nakosea, nakosea nyumba ya Mungu."

Nilikuwa nimeshika ufagio. Niliushika kwa mikono miwili.

"Nimefikiria sana," akaendelea. "Rahab anasema nisije. Lakini sitaki kupanda lori na hii kitu kwa roho."

Akafungua gunia. Ndani kulikuwa na kabari sita za mwerezi, ule mti mwekundu ambao sisi tunauita tarakwet. Zilikuwa zimechongwa vizuri mpaka zinang'aa.

"Paa likiwa chini namna hii linasukuma," akasema. "Siku moja litataka kukazwa. Hizi haziozi. Ni yangu, si ya mashine, usiogope."

Hapo ndipo mahali, msomaji. Ukiniuliza ni wapi nilipoweza kuyamaliza yote kwa sentensi moja, ni hapo. Tulikuwa wawili tu. Hakuna ambaye angenicheka. Thuo mwenyewe angenishika mkono, tungekwenda pamoja kwa Mzee Kimaiyo.

Nikapokea kabari, nikazitia ndani ya mfuko wangu wa vifaa. Nikasema, "Nimekusamehe, Thuo."

Akashukuru. Alinishukuru kweli, akavaa kofia, akaenda zake akiwa amenyooka mgongo. Mimi nilibaki nimekaa juu ya benchi jipya mpaka miguu ikafa ganzi. Nimefanya dhambi nyingi maishani na nyingine mmezisoma humu humu gazetini. Ile ya kumsamehe Thuo ndiyo inayoniamsha usingizini.

*

Jua lilikuwa halijaanza kushuka Rahab alipokuja. Alikuwa na mzigo wa kuni mgongoni, akautua mlangoni, akafungua kamba iliyoufunga. Hakunisalimu.

Akaishika ncha moja ya kamba kwa kidole cha mguu, akainyoosha kando ya mbao fupi iliyosalia ukutani, moja ya mbao zangu arobaini na mbili ambayo ilikuwa na ufa nikaikataa. Fundo likaangukia mwisho wa mbao. Si inchi mbele, si inchi nyuma.

"Hii ilikuwa kwa lundo la kuni nyuma ya mashine," akasema. "Nimefungia kuni wiki nzima bila kujua."

"Kamba za katani ni nyingi, mama Wanjugu."

"Ndiyo. Ni nyingi." Akaanza kuikunja mkononi, polepole. "Na fundo mtu yeyote anaweza kufunga. Nikienda kwa mzee wako atasema nimefunga jana. Mke wa mwizi, Mkikuyu, wataniamini?"

Nikainama kuokota mabaki ya mbao.

"Basi tuache kamba. Nikuulize kitu ingine." Akainua kidevu kuelekea juu. "Mabati ulinunua Nakuru wewe mwenyewe, mbele ya mbao kuja?"

"Ndiyo."

"Kwa paa ya mbao ya futi kumi na nne?"

Nikaona pale anapokwenda, na hapakuwa na njia ya kumkatia.

"Na mbona yametosha?" akauliza. "Kama mbao ilipungua futi mbili kila upande, mabati ingebaki, ingekuwa imejaa hapa nje. Iko wapi? Ama mabati pia ni Thuo alikata?"

Watu mia mbili walikuwa wamepita chini ya paa lile tangu Alhamisi wakilisifu. Mzee Kimaiyo, bingwa wa hesabu za vidole, hakuliona. Aliliona mwanamke aliyekuja kufunga kuni.

"Unataka nini?" nikasema.

"Mume wangu hajui. Amerudi nyumbani anaimba, ati umemsamehe." Hapo akaukaza mkunjo wa kamba mkononi. "Sitamwambia. Utamwambia wewe. Kesho, wakati wa ushuhuda, mbele ya watu wote. Ukisema wewe, pasibuku yake inarudi. Nikisema mimi ni makelele tu."

Akafunga kuni zake kwa kamba ile ile, akajitwika, akaenda.

*

Kwa vijana wanaosoma, lazima nieleze ushuhuda ule. Miaka hiyo mtu aliyeokoka hakutubu kwa mafumbo. Alisimama mbele ya kanisa akaitaja dhambi kwa jina na kipimo chake: niliiba mbuzi wa Ogola, nilimpiga mke wangu kwa sababu ya maziwa. Halafu watu waliimba wakamkumbatia. Mtu akishasema, jambo limekwisha, hata aliyeibiwa hakuruhusiwa kulirudia. Kwa hiyo mlango wangu ulikuwa wazi. Nilitakiwa kuupita tu.

Jumapili kanisa lilijaa mpaka watu wakakaa madirishani. Jepkosgei alikuwa upande wa wanawake na Chelangat mapajani. Thuo alikaa benchi la nyuma kabisa, peke yake, maana hakuna aliyetaka kukaa karibu naye. Rahab alisimama karibu na mlango. Kamba ilikuwa kiunoni mwake, amejifunga nayo kama mshipi.

Wazee wakaniita mbele. Mzee Kimaiyo akaweka mkono begani mwangu, akasema, "Kabla hatujamwombea fundi wetu, tumpe nafasi ya ushuhuda."

Nikasimama. Nikamtazama Thuo, naye akanitabasamia kunitia moyo.

"Ndugu zangu," nikasema, "mimi si mtu mnayemdhani."

Jiwe la kwanza likaanguka juu ya bati.

Halafu la pili. Halafu mbingu yote. Aliyewahi kuwa chini ya mabati mapya wakati wa mvua ya mawe anajua: humsikii aliye ubavuni mwako. Mimi nilikuwa nimeshafungua kinywa na niliogopa kwamba nikikifunga hakitafunguka tena. Nikaendelea. Nikapiga kelele.

Nilisema yote. Nilisema kamba, nilisema fundo, nilisema futi kumi na mbili. Nilisema Thuo hakuiba hata kijiti. Nilisema nimemsamehe mtu aliyestahili kunisamehe mimi. Machozi yalinitoka, kamasi pia. Sijawahi kusema ukweli mrefu namna ile tangu nizaliwe.

Hakuna aliyesikia neno.

Walichoona ni fundi analia mbele ya madhabahu. Wanawake wakaanza kupangusa macho. Midomo ikafanya amina. Mzee Kimaiyo akanikumbatia, akanipiga mgongoni, naye analia. Rahab peke yake ndiye aliyekuwa ananisoma midomo, na nikamwona anafunika uso kwa mikono miwili.

Mvua ya mawe haikai sana. Ilikatika ghafla. Masikio yakabaki yanavuma.

"Fundi," Mzee Kimaiyo akasema, "machozi yako tumeona. Lakini hatukusikia. Rudia sasa, kanisa lisikie."

Watu mia mbili wakanitazama. Nguvu niliyokuwa nayo ilikuwa ya kusema mara moja, na nilikuwa nimeshaitumia. Nikatafuta sentensi ya kwanza, nikawa siioni.

Hapo mbao ikalia.

*

Paa la futi saba lingeyamwaga yale mawe ya barafu chini kadiri yanavyoanguka. Paa la futi tatu liliyapokea na kuyaweka. Yalikuwa yamelala juu ya vichwa vyetu upande hadi upande, kina cha kiganja, na uzito wake sijui wa kuupigia hesabu hata leo.

Nilijua ile sauti ni nini. Nilitakiwa kusema, "Tokeni nje, paa hili si salama." Lakini fundi akisema hivyo, ataulizwa kwa nini. Nikasita. Ilikuwa pumzi tatu tu, nilizihesabu. Mtoto wangu alikuwa chini ya mgongo wa paa lile, na baba yake alikuwa anafikiria jibu la kutoa.

Aliyesema ni Thuo. Mkata mbao huijua mbao kwa sikio. Alisimama juu ya benchi lake la nyuma akapaza sauti, bila hofu, kama anayeita watu wa zamu: "Tokeni. Akina mama kwanza. Pole pole, msisukumane. Tokeni."

Walitoka. Niseme kweli, walimtii vizuri mtu waliyemwita mwizi. Jepkosgei alipita mbele yangu na Chelangat mgongoni, hakunitazama.

Aliyebaki ni Mzee Kimaiyo na goti lake. Alikuwa hajafika katikati wakati mgongo wa paa ulipozama kiasi cha mkono, mbele ya macho yangu, na vumbi la mbao likamwagika. Thuo alikuwa ameshamfikia. Kulikuwa na nguzo ya jukwaa la ujenzi niliyoiacha kando ya ukuta. Akaisimamisha peke yake, akaitia chini ya mgongo. Mguu wa nguzo ukaanza kuteleza kwenye sakafu ya udongo. Nikarukia upande wa pili, nikaweka bega.

Ikasimama. Mzee Kimaiyo akatambaa kati yetu akatoka.

Tukabaki wawili, mimi na Thuo, bega kwa bega, na mgongo wa paa ukishuka na kupumzika, ukishuka na kupumzika.

Alikuwa anatazama juu. Aliutazama ule mteremko kwa muda, kutoka ukutani hadi mgongoni, na nikaona midomo yake inahesabu.

"Fundi. Hii ni kimo gani?"

"Tatu."

"Na ulikuwa unataka ngapi?"

"Saba."

Maji ya barafu yalianza kudondoka katikati yetu.

"Mabati umenunua ya hii mbao," akasema, si kwangu, kwa paa. "Ya futi kumi na mbili." Halafu akageuza uso, na tulikuwa karibu mno kwa mimi kuangalia kando. "Kamba ilikuwa ni yako."

"Ilikuwa yangu."

"Mimi nilikuja kukuomba msamaha."

"Ndiyo."

"Na wewe ukanipa."

Kama angenipiga ningepumua. Hakunipiga, mikono yake ilikuwa kwenye nguzo. Nikafungua kinywa nipige kelele, nje wasikie, niyamalize. "Thuo hakukosea..." nikaanza.

"Nyamaza," akasema. "Unatikisa nguzo."

Nje Mzee Kimaiyo akaita, "Fundi, mko hai?"

"Tunataka kabari," Thuo akajibu. "Bila kabari chini ya nguzo hatuwezi kuachia. Iko kwa mfuko wa fundi, nimeuona hapo nje mlangoni. Mtu alete."

Tukasubiri. Tulisikia minong'ono, tukasikia wanaume wanaambiana nenda wewe. Hakuna aliyeingia.

"Mmoja wetu atoke achukue," Thuo akasema. "Mmoja anaweza kushika, kidogo."

"Toka wewe," nikamwambia, na hilo nililisema kwa moyo wangu wote. "Mimi ndiye niliyelijenga. Niache nalo."

Akafikiri. Alikuwa na haki ya kutoka kuliko mimi, lakini alifikiri kwanza.

"Hapana. Wewe ukifia hapa, mimi ndiye nilikata fupi mpaka siku ya kiyama. Mtoto wangu ataitwa wa mwizi." Akasogeza bega lake chini ya nguzo yote, mshipa wa shingo ukasimama. "Toka wewe. Lete kabari. Na ukirudi hapa, uwe umesema."

Nikaachia. Nilikwenda hatua kumi na tano hadi mlangoni nikiogopa kukanyaga.

Nje kulikuwa kweupe kwa barafu. Mfuko wangu wa vifaa ulikuwa pale nilipouacha asubuhi. Nikachukua kabari moja, ile kubwa, nikachukua na nyundo, nikageuka.

Mzee Kimaiyo akanishika mkono. Aliushika kwa mikono yake yote miwili, fimbo imeanguka, na macho yake yalikuwa na upendo ambao sikuustahili.

"Wewe hurudi humo," akasema. "Mbao tumepoteza. Fundi hatutapoteza. Aliyekata fupi akae chini ya kazi yake."

Watu wakaitikia, ndiyo, mzee. Wanaume wawili wakasimama kati yangu na mlango.

Rahab alikuwa nyuma yao. Hakulia wala hakuniita. Alikuwa ameifungua kamba kiunoni, ameishika imenyooka mbele yake kwa mikono miwili, na alikuwa anautazama mdomo wangu.

Ndani mbao ikalia tena, na Thuo akaita jina langu, kwa sauti ya chini, asitikise nguzo. Kabari yake ilikuwa mkononi mwangu. Mkono wenyewe ulikuwa umeshikwa na Mzee Kimaiyo. Hapo nanyamaza, msomaji, mpaka wiki ijayo.